Udongo wa Kilimanjaro na Zamu za Mifongo

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama mlioacha soko mkaja kunisikiliza, walimu na wanafunzi wenu, asanteni kwa nafasi hii. Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie udongo wa mlimani na unyevu wake. Pembeni nikanong'onezwa kwamba kamati za mifongo, yaani mifereji yetu ya kumwagilia, zinavutana tangu Januari juu ya zamu za maji, na kwamba ingekuwa busara nisiliguse hilo. Nitaligusa. Siwezi kusimama hapa nikaeleza maji yanavyokaa ardhini, halafu nikajifanya sijui kwamba wenye mashamba wanayagombania.

Nianze na dhana ambayo karibu kila mtu hapa anayo, kwamba ukipanda mlima unyevu unaongezeka na ukishuka unapungua. Mtu wa Moshi mjini akipanda daladala kwenda Marangu au Kibosho anaiona kwa macho. Mjini, kwenye mita 800 hivi, jua linachoma na vumbi linaruka. Akifika juu anashukia kwenye migomba, kuna ukungu, na njia inateleza. Kwa upande wetu huu wa kusini, dhana hiyo ni kweli mpaka kwenye mita 2,200 hivi, kisha inageuka. Mjini mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 1,000. Katikati ya msitu inapita 2,500. Kwenye mita 3,000 imeshapungua kwa karibu nusu, kwenye mita 4,000 imebaki kama moja ya tano, na kule juu Kibo, mita 5,895, hazifiki milimita 200 kwa mwaka, karibu zote theluji. Dodoma, ambako tumezoea kukutaja tukitaka mfano wa ukame, kunapata zaidi ya mara mbili ya hizo.

Sababu ni upepo. Hewa yenye mvuke inatoka Bahari ya Hindi, inakuta mlima umesimama mbele yake, inalazimika kupanda. Ikipanda inapoa, na ikipoa haiwezi tena kubeba mvuke wote. Unageuka wingu, wingu linanyesha. Sehemu kubwa inanyesha huku katikati. Juu zaidi, kuanzia kama mita 3,000, mara nyingi kuna tabaka la hewa kavu linalozuia mawingu yasiendelee kupanda. Ndiyo maana wapagazi walioamkia kambi ya Horombo wanayatazama mawingu yakiwa chini ya miguu yao, huku sisi tuko ndani ya mawingu hayo hayo tukilalamika nguo hazikauki. Upande wa kaskazini, Rongai kuelekea Loitokitok, upepo unafika umeshanyesha mvua zake nyingi, kwa hiyo ukanda wa msitu kule ni mwembamba na ardhi inakauka mapema.

Joto lenyewe halina kigeugeu. Linapungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda: wastani wa mwaka Moshi ni kama nyuzi 23, kileleni ni kama 7 chini ya sifuri. Kwa hiyo baridi inaongezeka moja kwa moja, mvua inaongezeka kisha inashuka, na udongo unajitengeneza kutokana na hivyo viwili, juu ya mwamba wa volkano wenye umri tofauti mahali na mahali. Kati ya vilele vitatu vya mlima huu, Shira ilianza kulipuka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, Mawenzi ikafuata, Kibo ndiye mdogo wao. Lava iliyolala miaka mingi kwenye joto na mvua imeoza ikawa mfinyanzi mzito. Majivu na lava changa za juu, penye baridi, bado hazijafika huko.

Nitapita haraka tambarare za Kahe na Arusha Chini kwa sababu wenyeji wake leo ni wachache ukumbini. Kule jua linavuta maji kutoka ardhini kuliko mvua inavyoyarudisha. Maji yakipanda na kugeuka mvuke, chumvi haiondoki nayo, inabaki juu. Mnaona wenyewe weupe wa magadi kwenye baadhi ya mashamba. Mwagiliaji wa huko asiye na mfereji wa kutolea maji anajiongezea chumvi kila msimu, na hakuna zamu ya mfongo itakayomwokoa.

Kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba, nataka nikae kidogo. Kati ya mita 1,000 na 1,800 udongo wetu mwingi ni ule mwekundu wa kahawia, wenye kina kirefu, ambao wataalamu huuita nitisoli. Ni mfinyanzi, lakini una chembe zilizoshikamana kwa namna inayoacha njia ya maji na mizizi. Kwa asili ni udongo mzuri. Lakini mtu akiniambia kwamba kihamba kina rutuba kwa sababu tu ya volkano, simkubalii. Angalieni kina mama wanaopandisha majani ya ng'ombe kutoka mashamba ya chini, mzigo kichwani au, siku hizi, nyuma ya pikipiki. Majani yanaliwa na ng'ombe wa bandani, samadi inakwenda kwenye mgomba. Kwa vizazi na vizazi, rutuba ya porini, yaani mashamba ya chini, imekuwa ikipanda mlima kwa miguu ya wanawake na kubaki kihambani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza vihamba vya Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani, na ni haki yao. Ningependa tu tukumbuke kwamba shamba la mahindi kule chini limekuwa likitoa bila kurudishiwa, na upungufu huo wa mboji ni sehemu ya sababu udongo wa kule unakauka upesi.

Sasa makopo. Niliomba kila anayeweza aje na udongo kwenye kopo lenye mfuniko, na aandike umetoka urefu gani. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, na karatasi ingenyonya unyevu wenyewe tunaotaka kuupima.) Nimechukua mawili. Hili limetoka shamba la mahindi, mita 850. Hili limetoka eneo la Nusu Maili, ukingoni mwa msitu.

Mwanafunzi mmoja aje hapa. Chukua udongo wa Nusu Maili, weka kati ya kidole gumba na cha shahada, sugua taratibu. Unauona mweusi, mwepesi, kama haujalowa sana. Sasa kaza. Umeona? Unateleza, na kidole kimelowa. Maji yalikuwamo muda wote, yamejificha ndani ya vitundu vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Hiyo ndiyo tabia ya udongo uliotokana na majivu ya volkano, andosoli. Majivu yakioza kwenye ubaridi na mvua nyingi yanazaa madini yanayoitwa alofani, na haya yanashikana na mboji, kisha vyote viwili vinashika maji kwa wingi usio wa kawaida. Madini hayo hayo hushika pia fosforasi yasiiachie, ndiyo maana anayelima karibu na msitu anaweza kuweka mbolea ya kupandia na mazao yasioneshe shukrani.

Kupima ni rahisi, hata shule inaweza kufanya. Pima gramu 100 za udongo mbichi, weka kwenye oveni nyuzi 105 kwa siku nzima, pima tena. Tuseme wa shamba la chini, wakati huu wa kiangazi, unabaki gramu 88. Maji yalikuwa gramu 12, na tukigawa kwa uzito wa udongo mkavu tunapata asilimia 14 hivi. Tuseme wa msituni unabaki gramu 45. Maji ni 55 juu ya 45, asilimia 122. Wanafunzi huwa wanadhani wamekosea hesabu, kwamba hakuna kitu kinachoweza kuwa na maji zaidi ya asilimia 100. Hawajakosea. Udongo ule ulikuwa umebeba maji mazito kuliko wenyewe. Debe moja la udongo mkavu wa tambarare linaweza kufika kilo 26. La andosoli halifiki 18, na mara nyingi ni chini sana ya hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya debe ni nafasi tupu inayosubiri maji.

Hapo wengi husimama na kusema: basi, udongo wenye maji mengi ndio bora. Polepole. Kilichomo si sawa na kinachopatikana. Mfinyanzi mzito unaweza kuwa na maji sehemu ya tano ya uzito wake na mahindi yakanyauka juu yake, wakati kichanga chenye asilimia 10 bado kinalisha mmea. Mfinyanzi ni tajiri bahili: fedha anazo, ila mtoto wa ndugu yake atarudi nyumbani mikono mitupu. Chembe zake ni ndogo mno, zinashikilia maji kwa nguvu kuliko mzizi unavyoweza kuvuta. Kwa hiyo mkulima anayechota udongo, akaufinyanga tonge likashikana, akasema shamba lina maji, anaweza kuwa anajidanganya. Atazame majani ya mmea saa nne asubuhi. Yakiwa yamejikunja saa hizo, kabla ya jua kali, mmea umeshakosa.

Tupande juu ya msitu. Nani amewahi kuzika majani ya chai? Watafiti walifanya hivyo katika mlima huu: walizika vifuko vya chai ya kijani na vya rooibos ya Afrika Kusini katika urefu mbalimbali, wakavichimbua baadaye na kupima kilichobaki. Matokeo yalichapishwa 2018. Chai iliozea upesi zaidi karibu na mita 2,000. Chini ya hapo joto lipo lakini kiangazi kinakausha wadudu na vijidudu vya udongoni wakasimamisha kazi. Juu ya hapo maji yapo lakini baridi inawalegeza. Katikati, joto na maji vinatosha kwa pamoja. Ukipanda zaidi, kwenye msitu wa mikulo na mipodo mpaka mita 2,800 au 2,900, majani yanaanguka kuliko yanavyooza, kwa hiyo mboji inarundikana na udongo unazidi kuwa mweusi na wenye tindikali. Hilo ndilo tangi letu. Si tangi la kusema tu: maji ya mito yetu, yanayokwenda mpaka Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, kwa sehemu kubwa mno yanatoka kwenye ukanda huo wa msitu.

Mgeni akija hapa swali lake la kwanza ni barafu. Barafu ya Kibo imepungua kweli. Tangu ilipochorwa ramani 1912 zaidi ya asilimia 80 imetoweka, na ni huzuni. Lakini mfongo wako hautokani nayo kwa kiasi cha kuhisiwa. Barafu ni kidogo, na sehemu yake inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Kinachonitia hofu mimi ni moto. Kwenye ukingo wa juu wa msitu kuna miti ya erika iliyojaa kuvumwani, mimea midogo kama manyoya, kwenye matawi. Ukungu ukipita, kuvumwani inaunasa, matone yanadondoka chini hata siku ambayo kipima mvua hakijaandika kitu. Moto wa mara kwa mara umeusukuma ukingo huo kushuka mamia ya mita. Mnaukumbuka wa Oktoba 2020, moshi ulionekana kutoka mbali na vijana wetu wengi walipanda kuuzima. Mboji ikishaungua, udongo wake unaweza kukataa maji: mvua inaviringika juu na kutelemka badala ya kuingia. Miti midogo itarudi. Unene ule wa mboji hauturudii sisi wala wajukuu.

Juu ya mita 4,000 hakuna kijiji, nitasema machache. Ni jangwa, changarawe na mawe, lakini ni jangwa la ajabu. Usiku maji kidogo yaliyo kwenye uso wa udongo yanaganda, yanachipuka wima kuwa sindano za barafu, yanainua chembe na vijiwe juu ya vichwa vyake. Jua likitoka sindano zinayeyuka, kila kitu kinaanguka mahali papya. Mche uliootea hapo unang'olewa karibu kila siku. Katika milima mirefu ya Afrika Mashariki kuna kuvumwani inayoishi kwenye ardhi ya namna hii kwa kuwa duara, haijashika popote, inaviringishwa na barafu na kukua pande zote. Kwa wanafunzi: ukiinua jiwe kubwa huko, mara nyingi chini yake pana ubichi, kwa sababu jua na upepo haujafika. Matandazo ya migomba kihambani yanafanya kazi hiyo hiyo kwa njia laini zaidi.

Naomba msichukue maelezo haya mkayapeleka mlima wowote. Usambara si volkano. Ni miamba mikongwe sana, na msitu wake mnene unasimama juu ya udongo uliokwishachujwa na mvua, rutuba ikiwa kwenye tabaka jembamba la juu. Ukifyeka, misimu michache tu na shamba limechoka. Rwenzori nako hakuna kukauka kwa juu kama kwetu: kwenye mita 3,400 na zaidi wapanda mlima wanatembea kwenye vinamasi, matope magotini, kwa sababu mawingu ya huko hayakosi. Hata hapa kwetu, kwenye urefu ule ule, mgongo wa kilima na bonde lake havifanani: juu maji yanatelemka, chini yanakusanyika pamoja na udongo mzuri uliochukuliwa kutoka juu.

Sasa zamu. Utaratibu wa mifongo mingi niliyoonyeshwa ni kila mwanachama apate saa sawa, kila baada ya siku kumi. Unaonekana wa haki, na nadhani ulikuwa wa haki wakati karibu wanachama wote walikuwa na vihamba katika urefu mmoja. Sasa mfongo huo huo unashuka mpaka mashamba ya mita 900. Tupige hesabu pamoja, kwa makadirio ya kawaida. Kihambani udongo una kina, lakini mgomba hausogezi mizizi mingi chini sana, kwa hiyo tuhesabu sentimita 60. Udongo ule unaweza kuupa mmea kama milimita 90 za maji katika kina hicho. Tutumie nusu kabla ya kumwagilia tena, yaani 45. Kwa ubaridi wa huku na kivuli, shamba linakunywa kama milimita 4 kwa siku. Siku 11.

Shamba la chini: udongo sentimita 30 kisha mwamba na mawe. Hapo mmea unapata kama milimita 30, nusu yake 15. Jua kali, mahindi yanakunywa 5 kwa siku. Siku 3.

Mwenye kihamba anapata maji siku ya kumi, siku moja kabla hajaanza kuyahitaji. Mwenye mahindi anayapata wiki nzima baada ya mmea kuanza kuteseka, na anapewa saa nyingi kwa mkupuo, zinazoshindilia maji chini ya mwamba ambako hakuna mzizi. Wa juu anamwona wa chini mvivu asiyejua kumwagilia, wa chini anamwona wa juu mchoyo. Nimewasikia wote wawili wakisema hivyo, na udongo ndio unaowasemea.

Najua jibu la wazee, na ni zito: huwezi kupeleka maji chini kila baada ya siku tatu, kwa sababu mfongo wa udongo unajinywesha wenyewe kwanza. Kila ukiufungua kutoka kwenye banio, pale maji yanapoingizwa mfongoni, maji ya saa za mwanzo yanaishia kwenye kuta zake. Ni kweli kabisa. Kwa hiyo sipendekezi kufungua mara nyingi. Napendekeza mfanye wanavyofanya majirani zetu Wapare: ndiva. Maji ya usiku, ambayo kwa sasa yanatiririka hovyo kwa sababu hakuna anayependa zamu ya saa nane usiku, yakusanywe kwenye bwawa dogo mwishoni mwa vihamba. Asubuhi wa chini wagawane kutoka hapo, kidogo kidogo, kwa mfereji mfupi. Zamu za juu zibaki za siku kumi kama zilivyo, hakuna anayenyang'anywa. Udongo mwekundu wa kihambani ukishindiliwa vizuri unashika maji. Ule wa mawe wa chini hautashika, kwa hiyo msikubali bwawa lichimbwe huko hata kama kiwanja kinatolewa bure.

Kabla ya yote hayo, kila kamati ichimbe mashimo matatu ya mita moja: banioni, katikati na mwisho wa mfongo wake. Pimeni kina mpaka mwamba na angalieni mizizi imeishia wapi. Afisa ugani wa kata ana fomu za kuandikia, na nimemwomba azilete mkutano ujao. Fanyeni mwezi huu, maana masika yakianza mashimo yatajaa maji na tutasubiri mpaka Juni.